Mchungaji Anajifunza Kukataa

Jumatatu, 7 Septemba

Daktari amesema niwe naandika kila neno jipya atakalotamka Mchungaji, na siku aliyolitamka, ili nikimrudisha kliniki nisije nikaeleza mambo ya kukisia. Nimenunua daftari nene. Hadi leo neno ni moja tu, na wala si jipya, kwa hiyo kurasa zilizobaki nitazijaza na mengine. Kukaa kimya sijawahi kuweza. Shuleni darasa langu la kwanza wananiita Mwalimu Kengele, na wanadhani sijui.

Neno lenyewe ni "karibu". Mume wangu alianguka madhabahuni mwezi wa saba, katikati ya matangazo. Kiharusi. Mguu umerudi kiasi, mkono wa kulia bado mzito, maneno hayajarudi. Mtu aliyekuwa akihubiri bila karatasi, watu wakasahau hata njaa, leo amebakiwa na neno hilo moja na linatoka kwa kila jambo. Akitaka maji, karibu. Akiumwa, karibu. Mgeni akiaga, anamshika mkono na kumwambia kwa upole wote, karibu, na mgeni maskini anakaa tena. Mama kiongozi wa kwaya jana aliaga mara tatu na kukaa mara tatu. Nilikimbilia jikoni kucheka, na huko huko jikoni nikalia.

Daktari amenionya pia kuhusu kichwa. "Atakitikisa kukubali, Mama, lakini usikiamini. Kinakubali kila kitu." Nimemjaribu leo hii. Nimemwuliza kama yeye ni mwanamke, akakubali. Nikamwuliza kama mimi ni shangazi yake, akakubali pia, tena kwa heshima.

Alhamisi, 10 Septemba

Joto. Mawingu yanapita tu. Hakuna neno.

Jumapili, 13 Septemba

Mwinjilisti ameongoza ibada tena. Huyu ndiye msaidizi wa mume wangu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, hajaoa, viatu vyake vinalia akipanda mimbari. Nimemsikiliza kwa masikio ya mwalimu. Anakimbiza maneno kama anafukuzwa, hana nukta wala mkato. Baada ya ibada watu walimzunguka mlangoni kumpa mkono, pale pale anaposimama mume wangu. Mimi nilitokea mlango wa pembeni.

Mchana alikuja nyumbani.

"Shikamoo, Mama Mchungaji. Baba anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea. Muda si mrefu atarudi kazini kwake."

Hiyo "kwake" niliikaza. Akainamisha macho. Watu wanasema ni mnyenyekevu. Mimi nasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 19 Septemba

Wifi yangu amefika, dada yake Mchungaji, na masanduku mawili na mdomo wake. Watoto wetu wako mbali, wanapiga simu na kulia. Wifi hakupiga simu, alipanda basi. Atakaa na kaka yake mchana nikiwa shuleni. Kabla hajavuka kizingiti alishaanza: "Wifi, mbona umekonda? Kaka yangu anakunyima chakula, au ndio unamfungia mlango wa jikoni?" Kaka yake akanyanyuka kwenye kiti, akamwambia, "Karibu," na kwa mara ya kwanza tangu augue neno likaangukia mahali pake. Wifi akapiga vigelegele, akasema nimeudanganya ukoo mzima, huyu haumwi.

Baadaye nilimkuta uani ameinamia beseni la nguo, hafui, mikono imo tu ndani ya maji.

Jumatano, 23 Septemba

Matone machache. Ardhi ilinukia, basi.

Jumapili, 27 Septemba

Leo nimekasirika hadi mwandiko wangu hausomeki, mimi ambaye nawachapa watoto kwa ajili ya mwandiko.

Wazee wa kanisa wamekuja baada ya ibada, wanne, pamoja na mwinjilisti. Mvua ilikuwa imeanza, wakaingia wamelowa mabega. Aliyezungumza ni mwenyekiti wao, fundi cherehani, mtu mzima aliyeshona joho la mume wangu la kwanza. Alizunguka sana kabla ya kufika.

"Mama, hatujaja kumfukuza mtu. Lakini kundi halikai bila mchungaji. Watoto hawabatizwi. Ndoa mbili zimesimama."

"Zisubiri."

"Mama."

"Mwaka mzima wachumba hao walikuwa wanasubiri mbuzi wanenepe. Mwezi mmoja zaidi hautawaua."

Akaeleza kwamba Askofu yuko tayari kumbariki mwinjilisti awe mchungaji na kumkabidhi usharika, ila hataki kumwondoa mume wangu akiwa hai bila ridhaa yake. Nikaelewa mara moja. Akiridhia, kazi inakwenda, na nyumba hii nayo, maana nyumba ni ya kanisa na humfuata mchungaji. Lakini nyumba ni matofali. Mimi nilichokiona ni mimbari ile bila yeye, milele.

Fundi akamgeukia. "Mchungaji, huyu ni mtoto wako wa kiroho. Unaridhia akupokee mzigo?"

Mzee mmoja alimsukuma mwinjilisti mgongoni, naye mwinjilisti akapiga magoti mbele ya kiti. Mume wangu alimtazama muda mrefu. Halafu akanyanyua mkono wa kushoto, akamwekea kichwani, akasema, "Karibu."

"Amina!" Wote wanne, kwa pamoja. Mmoja alitoa kitambaa akafuta macho.

Nikasimama. "Hiyo siyo karibu ya kukaribisha! Ndiyo pekee aliyonayo. Mngemwuliza kama yeye ni mbuzi, angewaambia karibu."

"Mama, tumesikia kwa masikio yetu. Na mkono ameweka."

"Mkono anamwekea hata paka!"

Nyuma ya pazia la jikoni wifi alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Wazee wakanyanyuka kuaga. Mume wangu akampa fundi mkono wake mzima, akamwambia, "Karibu." Fundi akashukuru na kuelekea mlangoni.

"Mbona hamkai?" nikawauliza. "Si amewakaribisha? Hii mnaielewa, ile hamkuielewa?"

Hapo fundi aliona aibu. Ni mtu wa haki, hata leo siwezi kumnyima hilo. Akasema Askofu atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi wa kumi na moja na atamwuliza mbele yetu sote. Akikataa, watangoja hata mwaka. Akaapa kwa hilo.

Kwa hiyo mume wangu anahitaji neno moja tu, "hapana". Silabi tatu. Nimewafundisha kusoma watu ambao sasa wananiletea wajukuu wao darasani. Silabi tatu hazinishindi.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimekuja na ubao mdogo kutoka shuleni. Ha he hi ho hu. Nikamwonyesha mdomo wangu. Akasema karibu.

Jumanne, 29 Septemba

Karibu.

Jumatano, 30 Septemba

Karibu. Mvua sasa imeanza kweli. Bati linavuja juu ya kabati la vitabu, nimeweka beseni.

Jumamosi, 3 Oktoba

HA.

Nimeiandika kubwa. Ilitoka kama pumzi ya mtu aliyetua mzigo, lakini ni ha. Nilikuwa namfundisha kwa kupiga makofi, kama ninavyofanya na watoto wagumu, ha na kofi, he na kofi, na mkono wake wa kushoto ukaanza kunipigia pajani. Nimempa kipande cha chokoleti. Wifi akauliza kama na yeye akisema ha atapewa.

Nimemshukuru Mungu kwa sauti, jikoni, hadi jirani akaita kuuliza kulikoni.

Alhamisi, 8 Oktoba

Tulikuwa kwenye ha he hi ho hu, dirisha wazi kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na chumba kina unyevu. Wanafunzi walikuwa wanapita wakitoka shule. Wakatusikia, nao wakadhani ni wimbo wao. Wakaitikia kutoka barabarani kwa sauti zote: ha! he! hi! ho! hu! Kisha wakacheka, wakaenda zao. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanacheza tu.

Mume wangu alifunga mdomo. Aligeuza uso akatazama ukuta.

"Mwache kwa leo," wifi akasema.

"Tukimwacha leo, kesho tunaanzia mwanzo."

Nilifunga dirisha, nikaendelea. Hakusema hata karibu.

Jumatatu, 12 Oktoba

PA. Hii ni nyepesi, ni midomo tu. Beseni linajaa kila asubuhi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Amevunja ubao.

Na ni kosa langu kwa kiasi gani sijui, maana leo tulianza asubuhi na saa sita nilikuwa bado nimemkalia. Ha anaiweza, pa anaiweza. Ukimwambia aziunganishe, ulimi unarudi kwenye karibu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nilimwambia, "Tena." Nikamwambia, "Tena, Mchungaji, unafanya mzaha." Akauchukua ubao mapajani mwake, akautupa kwa mkono ule wa kushoto hadi ukutani, akanipigia kelele: "Karibu! Karibu! Karibu!" Tangu anioe hajawahi kunipandishia sauti. Sikujua kwamba neno hilo linaweza kutukana.

Nikaokota vipande. Wifi akaja akapiga magoti kando yangu, akaokota naye. Kwa muda hakutania, na wifi yangu asipotania mimi huogopa.

"Wifi, nikuulize kitu? Unamfundisha kaka yangu, au unamfundisha mchungaji wako?"

"Tofauti iko wapi?"

"Basi ndio nakuuliza."

Nikamwambia sufuria yake inaungua. Haikuwa inaungua.

Jioni niliomba. Niliomba vibaya, kwa kuamrisha, kama ninavyomwamrisha kiranja wa darasa.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilisema ni mvua.

Jumatano, 21 Oktoba

Darasa letu limeingia maji, mwalimu mkuu akawaruhusu watoto mapema. Nikafika nyumbani saa ambayo huwa sifiki.

Kibarazani alikuwa mume wangu kwenye kiti, taulo shingoni, povu mashavuni, na mwinjilisti anamnyoa. Nimekuwa nikimwona amenyolewa vizuri nikadhani ni wifi, na kabla yake jirani aliyekuwa anamwangalia. Mwinjilisti alikuwa anazungumza taratibu, tofauti kabisa na mimbarini: nani amejifungua, nani kalazwa, mabinti wawili wa kwaya hawasalimiani kwa sababu ya kitambaa cha sare. Hakumwuliza chochote. Hakungoja jibu. Na mume wangu alikuwa amefumba macho, mabega yameshuka, uso wake ule wa zamani wa Jumatatu baada ya chai. Sijauona uso huo tangu mwezi wa saba.

Nilimvuta wifi ndani. "Anakuja lini na lini?"

"Kila siku, wifi. Tangu nimefika. Na kabla yangu alikuwa anakuja."

"Na hukuniambia?"

"Alisema ungemfukuza."

Nilitaka kusema si kweli.

Nilipotoka alikuwa anakunja taulo. Akanisalimia, kisha akasema bila kuniangalia, "Mama, mimi sikulitafuta hili. Siku ile walinisukuma."

"Niliona."

"Siku za Jumamosi tumbo linanikata hadi siwezi kula. Nilimwambia Askofu aangalie mwingine. Akaniuliza, nani?" Akamaliza kukunja taulo. "Baba ndiye aliyenitia moyo. Aliniambia hata yeye Jumamosi tumbo linamkata. Kwamba miaka yote halijaacha, ila ukishapanda unasahau, na siku hizi alikuwa hasahau tena."

"Mume wangu hakuwahi kuumwa tumbo."

"Sawa, Mama."

"Joho lake nalipiga pasi mimi kila Jumamosi. Ningejua."

"Sawa, Mama," akasema tena, akachukua mwavuli wake. Mume wangu akamwambia karibu. Mwinjilisti akacheka kidogo, akamjibu, "Nimeshakaribia, Baba," akaenda.

Nimekaa nayo hiyo habari ya tumbo hadi sasa. Ama kijana ametia chumvi, ama nimelala na mtu miaka yote bila kumjua.

Jumatatu, 26 Oktoba

Ameziunganisha. HAPA. Nilipotoka shule tu, kabla hata sijavua viatu, alikuwa peke yake sebuleni kwenye kiti kirefu, akanitazama akasema, "Hapa."

Nikapiga makofi. "Vizuri! Endelea. Na!"

"Hapa," akasema. Akapiga piga kiti kwa mkono wa kushoto, nikajua anatafuta mapigo.

"Ha, pa, na. Imebaki na tu. Na!"

Akapiga kiti tena. "Hapa."

"Na, Mchungaji! Usikatie njiani. Na!"

Aliacha kupiga kiti. Akarudi kwenye karibu. Hata hivyo ni maendeleo makubwa, imebaki silabi moja.

Jumanne, 27 Oktoba

Nilikuwa darasani naandika ubaoni sentensi ya leo, "Kaa hapa", nikainua chaki ikabaki hewani. Watoto walidhani nimesahau herufi. Mmoja akanisaidia kwa sauti: "Mwalimu, ni ha na pa."

Alikuwa ananiambia nikae. Kando yake, pale alipokuwa anapapiga. Tangu mwezi wa saba hilo ndilo jambo la kwanza aliloniambia, na mimi nikamsahihisha.

Nilirudi mbio kwenye mvua, nikakaa pale pale na nguo zilizolowa. Alinitazama kwa mshangao. Wifi akasema nitaharibu kiti cha kanisa.

Jumanne, 3 Novemba

HAPANA.

Yote. Ile "na" iko mwishoni, safi, ulimi umegusa meno. Mvua ilikuwa kubwa nikadhani nimesikia vibaya, nikamwuliza, "Nimesikia vibaya?" Akasema, "Hapana."

Tulimjaribu hadi tukachoka.

"Wewe ni mwanamke?" Hapana.

"Mimi ni shangazi yako?" Hapana, na akacheka, kicheko chenyewe cha zamani.

"Wifi yangu ni mpole?" Hapana. Wifi akasema amesikia na ataondoka kesho.

"Mimi ni mke wako?" Akatulia, kisha, "Karibu." Basi tukagundua ndio njia yake: pasipo na hapana, ni ndiyo, anasema karibu au ananyamaza.

"Wewe ni mchungaji wa kanisa hili?"

Akatazama dirishani, maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo. Hakusema kitu. Nimeandika: ndiyo.

Jumatano, 11 Novemba

Kliniki. Daktari alimwuliza maswali yake, ya ujanja kuliko yangu, mengine ya kumtega. Mara zote amepatia. "Hii naiamini," akaniambia. "Akisema hapana, ujue ni hapana." Akanisifu. Akauliza nimesomea wapi kufundisha wagonjwa.

Jumamosi, 14 Novemba

Mvua tu. Barabara imekatika kwa nusu siku. Tumefanya mazoezi.

Ijumaa, 20 Novemba

Mazoezi. Siku hizi hakatai wala hafurahii, anatoa hapana zake kama mtu anayelipa deni. Nimeosha joho.

Jumamosi, 28 Novemba

Naandika haya kabla hayajapoa.

Askofu alifika asubuhi, wazee wakaja, mwinjilisti akakaa karibu na mlango kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari wa meno. Nilimvalisha mume wangu shati jeupe na kola yake. Niliwakaribisha chai, nikamwomba Askofu kwanza aone. Nilitaka waone. Nikamwuliza mume wangu mbele yao kama yeye ni mwanamke. Kama leo ni Jumapili. Kama fundi ni mwanajeshi. Hapana, hapana, hapana, zote mahali pake, na nilipomwuliza kama yule ni Askofu wetu, alimwambia karibu. Askofu alicheka kwa furaha. Fundi alinipa mkono.

"Baba Askofu," nikasema, "daktari naye amethibitisha. Hapana yake ni hapana ya kweli."

"Mama, umefanya kazi kubwa sana."

Nikaketi. Nilikuwa na furaha ambayo sasa naionea haya.

Askofu akasogeza kiti hadi magoti yao yakagusana. "Ndugu yangu, unaridhia kumwachia huyu kijana kazi?"

Mume wangu akakaa kimya. Mvua juu ya bati, hatukusikiana vizuri, nikadhani hajasikia. Nikamfungulia mdomo wangu kama ninavyofanya na mtoto siku ya mtihani. "Ha," nikanong'ona. Mbele ya Askofu. "Ha..."

Akanigeukia. Alinitazama kwa huruma, sina neno lingine. Kisha akamrudia Askofu, akasema, "Karibu."

Hakuna aliyesema amina safari hii. Fundi alikuwa ananiangalia mimi.

"Nitaliuliza kwa upande wa pili," Askofu akasema, "nisije nikakosea. Unataka kuendelea na kazi ya uchungaji?"

"Hapana."

Haraka, bila kutafuta, silabi zote tatu.

Askofu akanigeukia, taratibu, na ninajua aliniuliza kwa heshima tu, lakini swali lile sitalisahau. "Mama, wewe ndiye unayemjua. Hii ni hapana ya kweli?"

Ningeweza kusema amechanganyikiwa na maswali mengi. Ningeweza kusema siku za mvua huwa anachoka. Wangeniamini, fundi alikuwa ameshainama mbele kuniamini. Mume wangu alikuwa ananitazama. Mwinjilisti pale mlangoni aliniomba kwa macho niseme uongo, naapa, alikuwa anataka kuliko mimi.

"Ni ya kweli," nikasema.

Kisha nikakusanya vikombe, maana mikono ilihitaji kazi. Askofu aliomba, sikusikia alichoomba. Wakati wa kuaga mama kiongozi wa kwaya alikuwa amefika na mwavuli kuwasindikiza wageni, akaanza, "Pole, Mama Mchu..." akameza iliyobaki.

Jumapili, 29 Novemba

Sijazungumza naye. Nimempa chai, nimempa dawa. Alisema hapa, mara moja, asubuhi. Nilikuwa na shughuli.

Kanisani nilikaa kiti cha katikati, si kile cha mbele cha mke wa mchungaji. Wanawake walisogea kunipa nafasi, wakasogea mbali kuliko nafasi niliyohitaji. Wakati wa maombi sikuwa na la kumwamrisha Mungu, na kuomba kwa namna nyingine bado sijui. Nilikaa tu hadi wenzangu walipofumbua macho.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua imekatika. Mwalimu mkuu ametupatia vyumba viwili nyuma ya shule, vina dari nzuri. Wifi anafunga vyombo na anaimba kwa makusudi nyimbo nisizozipenda. Mwinjilisti alikuja kubeba vitabu. Nilimwambia huko tunakohamia ana ruhusa ya kuja na wembe wake saa yoyote, hata nikiwepo. Alisema, "Asante, Mama," akainamia kasha la vitabu muda mrefu bila kulinyanyua.

Jumamosi, 5 Desemba

Gari linakuja kesho. Mchana wifi alikwenda sokoni, tukabaki wawili kati ya makasha. Nikakaa kando yake bila kuambiwa.

Nilikuwa na maswali mengi, na yote yalianza na kwa nini. Kwa nini hukuniambia. Kwa nini mbele ya watu. Mtu mwenye maneno matatu humwulizi kwa nini. Mwalimu mzima nimechukua siku zote hizi kulijua hilo. Ikanibidi niyavunje maswali yangu vipande vidogo anavyoviweza.

"Ulichoka hata kabla ya kuugua?"

"Karibu."

"Na tumbo, Jumamosi, nikiwa napiga pasi?"

"Karibu."

"Nimewahi kukuuliza?"

"Hapana," akasema, polepole, bila lawama.

Nililia, na akaniacha nilie, mkono wake mzima mgongoni kwangu. Nilipomaliza nilifuta uso kwa shati lake kwa sababu vitambaa vyote vimefungwa. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule, na palipokuwa na kabati ukuta ulikuwa na rangi nyingine.

Nikamwuliza, "Unanikasirikia?"

"Hapana."

"Unataka nikufundishe neno lingine?"

"Hapana," na akacheka, na mimi nikacheka.

Nikamwuliza, "Unaogopa?"

Nikaingoja hapana. Nimeifundisha mwenyewe, najua inavyoanza, mdomo unavyofunguka na pumzi inavyotangulia. Nikautazama mdomo wake. Haukufunguka.

Nikamwambia, hata mimi.